Mdogo wangu amekatika kano ya goti. Habari ya Alex Johnson wa Australia nimweleze au nimfiche?

FundiBoti_Kirumba

Habari za jioni wadau. Nipo Mwanza, natengeneza injini za boti pale Mwaloni Kirumba. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kweli, maana nyumbani sote tumechanganyikiwa.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, anacheza winga ya kushoto. Kwenye mechi moja ya mchangani huko Igoma aliwahi mpira pembeni, akataka kukata kuingia ndani, akageuka na mguu ukabaki. Hakuna aliyemgusa. Anasema alisikia goti likilia "ko", na mimi niliyekuwa nje ya chaki nilisikia ukelele wake. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limeshavimba. Kituo cha kwanza tulichokwenda walisema ni mshtuko tu, apumzike. Uvimbe ukashuka, akaanza kutembea, tukafurahi. Kumbe akishuka zile ngazi za mawe kwetu Igogo, goti linamtoka, linakwenda upande wake na yeye upande wake. Ndipo tukapelekwa MRI. Kano ya mbele ya ndani ya goti, ile wanayoiita ACL, imekatika yote. Meniskasi nayo, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, imechanika kidogo. Daktari ameshauri upasuaji na amesema mpira tuusahau kwa karibu mwaka mzima.

Tangu siku hiyo binti hali chakula vizuri. Njumu amempa mwenzake.

Sasa nina mteja mmoja Mwaustralia, alifanya kazi miaka mingi kwenye mgodi Geita, boti yake naitunza mimi. Nilipomweleza akaniambia habari za mchezaji wa kwao, Alex Johnson, wa ule mpira wao wa Kiaustralia. Alikuwa beki wa Sydney. Mwaka 2012, akiwa na miaka 20, alicheza fainali kuu waliyoshinda 91 kwa 81 dhidi ya Hawthorn. Mwanzoni mwa 2013, kabla hata msimu haujaanza, goti la kushoto likakatika kano hiyohiyo. Akatengenezwa, ikakatika tena. Goti hilo moja lilitengenezwa upya mara 5, na katikati kukawa na maambukizi. Alirudi uwanjani Agosti 2018, karibu miaka 6 baada ya ile fainali, na mteja wangu anasema nchi nzima ililia kwa furaha. Mechi yake ya pili tu, likakatika goti la kulia. Hakucheza tena ligi kuu.

Mzungu alinisimulia akiwa na machozi, kwake ni habari ya ushindi. Mimi nilirudi nyumbani nimekaa kimya. Nimweleze mdogo wangu au nimfiche? Na swali la pili: yule Johnson alikuwa na nini ambacho sisi huku hatuna? Maana moyo hata huyu binti anao, nimemwona akicheza na homa.

---

Mwalimu_wa_Sengerema

Pole sana ndugu yangu, na mpe pole dada yetu.

Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari, nimelea timu za wasichana kwa muda mrefu. Nitasema ninachokiamini japo hakitapendeza. Usimfiche. Mweleze Johnson alipofikia, mweleze mpaka mwisho wake. Kijana wa miaka 26 mwenye magoti mawili yaliyokwisha kupasuliwa, na hao ni watu wenye madaktari wanaowangoja pembeni ya uwanja. Sisi tunacheza kwenye viwanja ambavyo mawe yamechomoza kuliko nyasi.

Nimeona wasichana wangu wakikatika magoti, wengi. Goti lililoumia hivyo lina hatari kubwa ya kusagika mapema, ukifika miaka 40 unapanda daladala kwa kushikiliwa. Na mpira wa wanawake kwa mikoa yetu bado haujaweza kumlipa mtu kiasi cha kufidia hilo. Huyu ana miaka 19. Ana akili, ana muda, asome, ajifunze ufundi. Tafadhali msimjaze ndoto kwa sababu ya mtu mmoja wa Sydney.

---

Mama_Viungo_Mwz

Mwanangu FundiBoti, pole. Mwalimu, nakusalimu, nitakuja kwako pia, maana ulichosema kina uzito.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nilisomea KCMC Moshi, na magoti ndiyo yaliyokula umri wangu wa kazi hapa Mwanza. Mpira wa Australia naufuatilia kwa sababu ya kazi. Ni mchezo wa uwanja wa umbo la yai, watu 18 kila upande, wanakimbia sana, wanageuka ghafla, wanarukiana mabegani kuudaka mpira kisha wanatua kwa mguu mmoja. Kwa goti hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Lakini wale watu wana tabia moja ninayoitamani ije kwetu: wanaandika. Tangu 1992 ligi yao inakusanya kila mwaka takwimu za majeraha ya klabu zote. Kwa kuandika hivyo waligundua kwamba wale warefu wanaorukiana katikati ya uwanja mchezo unapoanza walikuwa wakigonganisha magoti na kuumia kano ya nyuma. Mwaka 2005 wakachora duara la pili pale katikati, mtu asije akikimbia kutoka mbali. Chaki tu, na majeraha yale yakapungua. Watafiti wao wameangalia hata aina ya nyasi na ugumu wa ardhi. Mwalimu, wewe unayesema mawe yamechomoza, ungeanza kuandika kila binti anayeumia, tarehe, kiwanja na alivyotua, ungekuwa na kitu cha kumwekea afisa michezo mezani.

Narudi kwa Johnson. Kila anayemsimulia anasimulia moyo wake. Moyo alikuwa nao, sibishi. Lakini mwanangu umeuliza swali zuri kuliko ulivyodhani, alikuwa na nini. Alikuwa na klabu iliyomsubiri. Kule kikosi kina idadi yenye kikomo, kila nafasi anayokaa majeruhi ni nafasi ambayo mzima ameikosa. Sydney walimweka mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa 2018, mtu asiyewachezea hata mechi moja ya ligi kuu. Analipwa, ana mtu wa kumpima paja kila wiki, ana daktari anayemwambia "bado" na hakuna anayemnong'oneza "mbona unadeka". Majeruhi wetu wa mchangani hukosa huyo wa kumwambia "bado". Anaye kocha anayemuuliza Jumapili utacheza, anaye jirani mwenye mafuta ya kuchulia, anaye shangazi anayesema mbona unatembea vizuri.

Na hapo ndipo wanapoumia mara ya pili. Nisikilize vizuri. Daktari wa upasuaji haishoni ile kano iliyokatika, anachukua tendoni, yaani uzi mgumu unaoshikiza msuli kwenye mfupa, mara nyingi ya nyuma ya paja, anaipitisha kwenye mifupa iwe kano mpya. Kipandikizi hicho siku ya kwanza kina nguvu. Kisha mwili unaanza kukifanyia kazi, unakipelekea damu, unakijenga upya, na katika miezi hiyo ya mwanzo kinadhoofika kabla hakijaimarika. Kwa hiyo mwezi wa tatu au wa nne mgonjwa hana maumivu, hana uvimbe, anatembea mpaka sokoni, na ndani kipandikizi kiko kwenye udhaifu wake mkubwa. Wewe ni fundi, unajua injini ikifunguliwa na kuwekwa ringi mpya humpi mteja aifungue moto wote mpaka Ukerewe siku hiyohiyo, hata kama inanguruma vizuri. Goti nalo lizoeshwe hivyo.

Angalau miezi 9 ipite baada ya upasuaji kabla ya kufikiria mechi yoyote ya ushindani, na miezi peke yake haitoshi. Apimwe. Aruke kwa mguu mmoja, tupime umbali, mguu uliopasuliwa ufike angalau asilimia 90 ya mwenzake. Nguvu ya paja vilevile. Akifika mwezi wa kumi hajafikia hapo, anangoja. Kazi yako wewe kaka mtu ni hiyo, kuwa klabu yake. Wewe ndiye wa kusema "bado" na kumfukuza yule wa Jumapili.

Sasa ya kufanya kabla ya upasuaji, maana watu hukaa tu wakisubiri tarehe. Goti linyooke lote, kabisa, kisigino kikiwa juu ya mto na nyuma ya goti pakishuka. Linalokwenda kisuni likiwa limekunja huwa gumu kunyooka baadaye. Msuli wa mbele ya paja aukaze na kuuachia, mara nyingi kwa siku, maana goti likivimba ule msuli hulala. Na ngazi zenu za Igogo nazijua. Akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize mguu mgonjwa, na gongo liende pamoja na mguu mgonjwa. Mvua ikinyesha yale mawe yanateleza, asishuke peke yake.

Jambo la ziwa. Watu wa Mwanza wanapenda kumwambia mgonjwa akatembee kwenye maji, yanapunguza uzito. Ni kweli yanapunguza. Lakini kidonda cha upasuaji hakiingii ziwani, na hata kikipona pwani zetu zina kichocho. Kama hampati bwawa safi, acheni maji, yapo mazoezi mengine mengi.

Huenda unajiuliza kama watu hurudi. Nick Naitanui wa West Coast, wa Perth, wazazi wake watu wa Fiji, mrefu wa sentimita 201, na kazi yake ni ileile ya kurukiana katikati. Goti la kushoto lilikatika kano 2016, 2017 yote akakaa nje. Akarudi 2018, mwezi wa saba likakatika la kulia, timu yake ikachukua ubingwa mwaka huohuo yeye akitazama. Akarudi tena 2019. Mwaka 2020 na 2021 alichaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Magoti yote mawili. Johnson na Naitanui wote walifanya kazi ile inayotakiwa, mmoja goti lilikataa, mwingine likakubali. Mweleze binti wote wawili. Ana miaka 19, si mtoto, na atakapojua kwamba inaweza kwenda upande wowote ndipo mazoezi yake yatakuwa ya mtu aliyechagua mwenyewe.

Na pale Johnson alipokatika la pili, usilione kama mkosi. Aliyewahi kukatika kano moja, hasa akiwa kijana, yuko kwenye hatari zaidi kwa magoti yote mawili. Ndiyo maana simpi mtu mazoezi ya mguu mmoja tu. Miguu yote miwili, mpaka nyonga na tumbo.

Mwalimu, ulichosema juu ya goti kusagika ni kweli. Ila sehemu kubwa ya hatari hiyo imeshaingia siku aliyoumia, na meniskasi kuchanika kunaiongeza. Akiacha mpira leo, hatari haimwondoki. Bado atahitaji paja lenye nguvu ili abebe ndoo, abebe mtoto, ashuke mawe ya Igogo. Mazoezi yale ni yaleyale, acheze asicheze. Kwa hiyo msimlazimishe kuamua habari ya mpira sasa. Afanye kazi ya goti, uamuzi wa mpira uje mwezi wa tisa baada ya upasuaji akiwa amesimama.

---

Namba4_Bukoba

Mama umenigusa sana. Mimi nilikatika kama huyo mdogo wetu, nikapasuliwa Dar, na nikarudi kucheza. Naongeza ya upande wa kichwani.

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa wachezaji wenzangu, na soda, na picha. Baada ya hapo kimya. Timu inaendelea, wana safari, wana vichekesho vipya ambavyo wewe huvielewi. Mimi hilo liliniuma kuliko goti. Kaka, nenda kwa kocha wake umwombe ampe binti kazi. Awe anaandika mechi, nani kapoteza mpira wapi, kona ngapi. Kocha wangu alinifanyia hivyo na nikajifunza kuusoma mchezo, niliporudi nilikuwa beki mwenye akili zaidi kuliko nilivyokuwa winga.

Na hofu. Hata baada ya kupimwa na kuambiwa goti liko sawa, nilikuwa natua kwa mguu mmoja tu, ule mwingine naubania. Mwili unakumbuka ile sauti. Dawa yake kwangu ilikuwa kurudia ileile hali iliyoniumiza, taratibu, kugeuka bila mpira, kugeuka na mpira, kugeuka mbele ya mtu aliyesimama, kisha mbele ya anayekuja. Siku nilipogeuka mbele ya beki bila kufikiria, nilijua tu mwenyewe.

Kama anataka mwanamke wa kumtazama, mtafutieni Erin Phillips kwenye mtandao. Alikuwa nahodha mwenza wa Adelaide kwenye mpira uleule wa Kiaustralia, na alikuwa ameshacheza kikapu cha kulipwa Marekani. Fainali ya wanawake ya 2019, watu 53,034 uwanjani, Adelaide wanaongoza, kano ikakatika robo ya tatu. Alitolewa kwa machela na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali ileile. Alikuwa na miaka 33 na watoto nyumbani. Mwaka uliofuata akarudi, na 2022 akawa nahodha wa kwanza wa timu ya wanawake ya Port Adelaide. Miaka 33! Mdogo wetu ana 19.

---

Mwalimu_wa_Sengerema

Mama, nimekuelewa kuhusu hatari kuwa imeshaingia. Hilo sikuwa nimelisikia likisemwa hivyo, na linabadilisha ninavyowaambia wazazi. Bado nasimamia masomo. Akiwa nje mwaka mzima, mwaka huo usipite bure.

Daftari nitalianza muhula huu. Naomba kuuliza, kuna mazoezi ya kuzuia kabla hawajaumia?

---

Mama_Viungo_Mwz

Mwalimu, yapo. FIFA wana programu ya kupasha misuli inayoitwa 11+, dakika 20 tu, haitaki vifaa vingi. Kukimbia, kuimarisha tumbo na nyuma ya paja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunja na hayajaingia ndani. Ifanywe kila mazoezi, angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Wakifanya wiki ya kwanza na kuacha haina kazi. Wasichana wako kwenye hatari kubwa ya kano hii kuliko wavulana, kwa hiyo anza nao. Tazama magoti yao wanapotua, yule ambaye yanakutana ndiye wa kumfundisha kwanza.

Na masomo nakuunga mkono.

---

FundiBoti_Kirumba

Shikamoo mama. Wabeja sana. Wote wabeja.

Nimemsomea mdogo wangu majibu yote leo jioni, nikaanza na Johnson mpaka mwisho. Alinyamaza kidogo akauliza kama Johnson bado anatembea vizuri. Kisha akaniomba simu, akamtafuta huyo Erin Phillips, akaangalia ile fainali mpaka bando likaisha. Leo amekula. Kocha nimeongea naye, amekubali binti awe anaandika mechi, na kuhusu Jumapili nimemwambia mwenyewe kwamba asimuulize, aniulize mimi.

Mama, swali moja. Umesema kuna mazoezi mengine badala ya maji. Nina baiskeli ya zamani na vyuma vingi vya fremu za injini. Naweza kuchomelea stendi gurudumu la nyuma liwe juu, akapedali humohumo ndani bila kwenda popote. Inafaa? Na aanze lini?

---

Mama_Viungo_Mwz

Marahaba mwanangu. Inafaa sana.

Stendi iwe pana chini isiyumbe, maana atakuwa anapanda na kushuka na mguu mmoja dhaifu. Weka chuma cha kushika pembeni. Kiti kiwe juu, pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunja kidogo tu. Sasa hivi kabla ya upasuaji aanze kama goti linakunja vya kutosha kuzungusha duara zima bila kuinua nyonga, kwa wengi ni kama nyuzi 110. Kama halijafika hapo azungushe nusu mbele na nusu nyuma, asilazimishe. Gurudumu lisiwe na breki wala uzito wowote mwanzoni. Akimaliza, goti liangaliwe jioni. Likivimba kesho yake apunguze dakika.

Baada ya upasuaji asipande mpaka daktari wake na atakayekuwa anamfanyisha mazoezi waseme, kwa sababu meniskasi ikishonwa huwa na masharti yake ya kukunja na ya kuweka uzito, na mimi sijaiona ripoti yake. Mlete wiki hii akiwa na picha za MRI na kaptura, nimpime miguu yote miwili tuwe na vipimo vya kuanzia. Na stendi ukiimaliza weka picha hapa na vipimo vya vyuma, nina wagonjwa Buhongwa na Nyegezi wanaohitaji kitu kama hicho na mafundi wao wanaweza kuiga.